Mitaa Yenye Majina ya Watoto wa Bwana

Titus Salt alizaa watoto 11, na mimi niliwajua wengi wao kwa majina kabla sijakariri jedwali la saba. Niliwajua kwa kutumwa dukani: pita Fanny, usipite Herbert maana kuna mbwa, ukifika kona ya Mary utaona duka. Amelia, Edward, Helen, Ada, George, kila mtoto wa bwana alikuwa na mtaa wake. Caroline, mkewe, alikuwa na wake. Lockwood na Mawson, wasanifu waliochora majengo, nao hawakusahauliwa. Malkia Victoria alipewa barabara kuu. Waliosokota sufu hawakupata hata uchochoro.

Maneno hayo ya mwisho si yangu, ni ya bibi mmoja aliyekuwa jirani yetu, ambaye nitamrudia.

Kijiji kinaitwa Saltaire, kilomita chache kutoka Bradford, katika jimbo la Yorkshire kaskazini mwa Uingereza. Jina lake ni la bwana mwenyewe, mwenye kiwanda cha sufu aliyekijenga, likaunganishwa na la mto Aire unaopita bondeni. Tulihamia huko mwaka 1973. Baba alikuwa fundi mitambo katika mashamba ya mkonge karibu na Muheza, akapelekwa Bradford kusomea mashine za nguo. Wakati ule Tanzania ilikuwa inajenga viwanda vya nguo. Kile cha Urafiki, Dar es Salaam, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, na nchi ilihitaji watu wanaojua mashine ilivyo ndani, siyo wa kubonyeza swichi tu. Mama alikuwa muuguzi, hakukosa kazi. Tukapanga Saltaire kwa sababu palikuwa rahisi. Kuta za mawe zilikuwa nyeusi kwa masizi ya zaidi ya miaka mia, na choo chetu kilikuwa uani, nje, ambako usiku wa Januari mtu alikwenda kwa mbio na kurudi kwa mbio.

Siku ya kwanza Baba alisimama barabarani na koti lake jipya, akazitazama safu za nyumba zikiteremka sambamba kuelekea kiwandani, akasema, "Hii ni kambi."

Mama alidhani anatukana mahali tulipofikia. Kumbe alikuwa anasema anachokijua. Kwenye shamba letu la mkonge, laini za manamba zilikuwa chini, karibu na kiwanda na harufu ya maji ya mkonge. Zikafuatia nyumba za wanyapara, zenye kibaraza. Kisha za makarani na mafundi, na moja ya hizo ndiyo nilimozaliwa. Juu kabisa, kilimani kwenye upepo, ilikuwa nyumba ya meneja. Ukijua mtu analala wapi, huna haja ya kumuuliza anafanya kazi gani. Saltaire ilikuwa hivyo hivyo. Nyumba ya mfumaji ilikuwa na sebule, jiko na vyumba vichache vya kulala juu. Msimamizi alipata kubwa zaidi na bustani mbele. Baadhi ya safu zilikuwa na nyumba ndefu za ghorofa tatu miishoni, na huko pembeni, Albert Road, walikaa wakubwa wa ofisini na walimu. Baba alizungukia kijiji chote jioni ile, akarudi akatuchorea kwenye bahasha: hapa wanyapara, hapa makarani. Alipokuja kuwauliza wenyeji, alikuwa amekosea nyumba chache sana.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Hakuiona nyumba ya meneja. Haikuwepo. Salt hakuishi Saltaire. Kwa miaka mingi makazi yake yalikuwa jumba la Crow Nest, kule Lightcliffe karibu na Halifax, na huko ndiko alikofia mwaka 1876.

Nisimdhulumu mzee wa watu. Ili kuelewa alichofanya, lazima uijue Bradford aliyoikimbia. Mwaka 1801 ulikuwa mji wa watu kama 13,000. Ilipofika 1851 walikuwa wamepita 100,000, wote wamevutwa na viwanda vya sufu. Moshi ulifunika jua mchana, maji machafu yalikwenda kwenye mfereji uleule uliotumika kwa mengine yote, na mwaka 1849 kipindupindu kikaua mamia. Salt alikuwa meya wa mji huo kuanzia 1848. Alijaribu kuwashawishi wenye viwanda wenzake wafunge mitambo ya kupunguza moshi kama aliyofunga yeye, wakamwona msumbufu. Basi akanunua ardhi nje ya mji, mahali ambapo mto, mfereji wa mashua na reli vilipakana, akahamisha kila kitu.

Kiwanda kilifunguliwa tarehe 20 Septemba 1853, siku aliyotimiza miaka 50. Watu 3,500 walikaribishwa karamuni ndani ya ukumbi wa kuchania sufu, kisha wafanyakazi wakapakiwa kwenye treni kwenda Bradford kusikiliza muziki. Kilikuwa na mitambo 1,200 ya kufumia na nafasi ya wafanyakazi wapatao 3,000. Baada ya kiwanda zikafuata nyumba zaidi ya 800 zenye maji na gesi ya taa, kanisa, hospitali, shule, nyumba za bure za wazee, bustani kando ya mto, na ukumbi wa kusomea na kustarehe. Baa hakuweka. Kwa mfanyakazi aliyetoka kwenye vyumba vya chini ya ardhi vya Bradford, hili lilikuwa jambo la kumfanya mtu alie, na yule bibi jirani alituambia kwamba nyanya yake, alipohamia, alilia kweli.

Utajiri huo ulitokana na mnyama ambaye Muheza hatukuwahi kumsikia. Alpaka ni jamaa wa ngamia, anafugwa milimani Peru. Miaka ya 1830 manyoya yake yalikuwa yamelundikana kwenye maghala ya Liverpool bila mnunuzi, kwa sababu mashine za wakati ule zilishindwa kuyasokota vizuri. Salt akayanunua, akahangaika mpaka akapata njia: uzi wa alpaka kwa upande mmoja, pamba kwa upande mwingine, kikatoka kitambaa chepesi chenye mng'aro ambacho mabibi wa London walikigombea. Kwenye sanamu yake bustanini alpaka wamechongwa chini ya miguu yake. Pamba haikuchongwa. Sehemu kubwa ya pamba iliyoingia Uingereza miaka ile ilitoka kusini mwa Marekani, ikivunwa na watumwa, na shuleni kwetu, tulikofundishwa habari za alpaka mpaka tukawaota, hatukufundishwa lolote kuhusu pamba.

Sasa yule bibi. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mjane, mfupi, na aliita kila mtu "mpenzi", hata dereva wa basi na muuza makaa ya mawe, jambo lililomtia Baba wasiwasi mpaka alipozoea. Mama alituamuru tumwite Bibi na tumwamkie shikamoo, maana mtu mzima ni mtu mzima popote alipo. Bibi akajifunza kuitikia marahaba. Kwa upande wake alitufundisha kutoogopa harufu. Baba alikuwa amempiga Mama marufuku kukaanga samaki mkavu tuliotumiwa kutoka nyumbani, akikumbusha kila mara kwamba mgeni hachomi chaza mtaani akanuka. Siku Mama alipochoka na marufuku hiyo akakaanga, Bibi alibisha hodi, akauliza ni nini hicho, akala vipande viwili.

Maisha yake yote alikuwa kiwandani, idara ya kurekebisha nguo. Kitambaa kikishatoka kwenye mtambo kina dosari: fundo hapa, uzi uliokatika pale. Wanawake walikaa kwenye meza zilizoinama kuelekea dirishani, wanapitisha vidole polepole, wanang'oa vifundo kwa kibano na kushona palipokatika, uzi kwa uzi, hata mnunuzi asione kwamba paliwahi kuwa na tundu. Alipokuwa akizungumza na wewe, vidole vyake vilikuwa vinapapasa kiwiko cha sweta yako. Nilitoka kwake mara nyingi nimefanyiwa matengenezo bila kuomba.

Habari zake nilizipata zaidi mwanzoni mwa mwaka 1974. Wachimba makaa ya mawe walikuwa kwenye mvutano na serikali ya Edward Heath, umeme ukawa haba, na kuanzia Januari hadi Machi viwanda viliruhusiwa umeme siku tatu tu kwa wiki. Siku zilizobaki watu walikaa nyumbani. Kwetu sisi haikuwa balaa. Mama alitoa taa ya mafuta aliyokuja nayo kutoka Tanga, ambayo Baba alikuwa ameicheka uwanja wa ndege, na nyumba yetu ikageuka baraza la mtaa. Bibi alikuja na kiti chake. Alisema kimya cha kiwanda kinamkosesha usingizi.

Alianza kazi akiwa na miaka 12. Sheria iliruhusu: mtoto wa umri huo alifanya nusu siku kiwandani na nusu siku shuleni. Wiki moja aliamka usiku, kengele ya saa kumi na mbili asubuhi imkute kwenye mtambo, na mchana akaenda darasani. Wiki inayofuata kinyume chake. Mchana ule darasani watoto walilala juu ya madawati, na mwalimu mwenye huruma aliwaacha. Utaratibu huo ulipigwa marufuku na sheria ya elimu ya mwaka 1918, nao haukukoma kabisa mpaka 1921. Nilikuwa nasoma mtaani humohumo, napita kila siku mbele ya jengo la shule aliyoijenga Salt mwaka 1868, lenye simba wawili wa mawe mlangoni na wenzao wawili ng'ambo ya barabara. Wenzangu waliapa kwamba saa sita usiku simba hao huteremka kunywa maji mtoni. Baada ya kumsikiliza Bibi, niliwatazama kwa jicho jingine. Sikuelewa kwa nini mtu ajenge shule nzuri kiasi kile halafu awachukue watoto wakiwa nusu. Baba alinijibu kwamba shule ya shamba letu ilijengwa na kampuni pia, na msimu wa kukata mkonge ukipamba moto nusu ya madawati yalikuwa matupu. Akaendelea kula.

Kuhusu Salt mwenyewe, ambaye alikufa muda mrefu kabla yeye hajazaliwa, Bibi alikuwa na msimamo ambao nimeutafuta kwenye vitabu nisiupate. Hakumchukia. Alikuwa na picha yake ukutani, mzee mwenye ndevu nyingi. Alisema alikuwa mtu mwema na kwamba angependa wema ule uwe na mwisho. Nyumba ilikuwa ya kiwanda, bustani ya kiwanda, bafu za kiwanda, na hospitali uliyopelekwa ukikatwa kidole na mashine ya kiwanda, nayo ilikuwa ya kiwanda. Wazee wake walisimulia kwamba bwana hakupenda kuona nguo zimeanikwa mitaani. Kulikuwa na nyumba moja Titus Street yenye chumba kidogo kama mnara juu ya paa, na watu waliamini kwamba humo alikaa mlinzi akitazama nani kalewa, nani kaanika. Wanahistoria wengi hawaiamini hadithi hiyo, na huenda wana haki. Lakini kijiji kizima hakikuhitaji mnara ili kijisikie kinatazamwa. Watu wanaokaa kwenye nyumba ya tajiri hutunga mnara wenyewe. Kule Muheza tuliamini kwamba mpishi wa meneja anaandika majina ya wanaokata kuni usiku, na yule mpishi, maskini, hakujua kuandika.

Mwaka 1933 kampuni iliuza kijiji. Aliyenunua ni shirika la nyumba la Bradford, likaanza kuziuza moja moja kwa wapangaji. Bibi na mumewe walijinyima mpaka wakanunua yao. Nilitegemea aniambie walisherehekea. Alisema mumewe alipaka mlango rangi nyekundu siku hiyohiyo, usiku, kwa taa, halafu kwa juma zima alikuwa akichungulia dirishani kuona kama kuna mtu atakuja kumgombeza.

Nimeifikiria rangi hiyo mara nyingi kuliko simba na alpaka. Baba alimaliza masomo, tukarudi Tanzania mwaka 1977. Nyuma yetu kiwanda kikaendelea kudhoofika. Nguo za bei nafuu kutoka nje na nyuzi za viwandani vilikuwa vinakula soko la sufu, kama vile nyuzi za plastiki zilivyokuwa zinakula soko la mkonge wetu, na Februari 1986 kikafungwa kabisa. Mwaka uliofuata mfanyabiashara Jonathan Silver akakinunua, akajaza kuta za ghorofa ya chini picha za David Hockney, mchoraji mzaliwa wa Bradford. Pakawa na duka la vitabu na mahali pa kula. Kuta zilisafishwa, zikatoka rangi ya asali ambayo sisi tulioishi pale hatukuwahi kujua kwamba ipo chini ya masizi. Desemba 2001 UNESCO ikakiweka kijiji kizima kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Nilirudi baadaye nikiwa mtu mzima, nikaenda mpaka kwenye mlango wa Bibi. Aliyekuwa anaishi humo alikuwa kijana anayefanya kazi Leeds, akanikaribisha chai. Nikamsifia dirisha. Akacheka, akaniambia nisimwone hivi, dirisha lile limempa kazi: karibu kila nyumba ya kijiji iko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria, na kubadili dirisha au mlango bila kibali ni kosa. Hakuwa analalamika sana. Alijua anachokipata kwa masharti hayo. Bei ya nyumba yake ilikuwa imepanda mara nyingi. Lakini nilipokuwa nakunywa chai ile nilimwona mume wa Bibi na kopo lake la rangi nyekundu. Kijiji kilipata miaka kama hamsini hivi, tangu 1933 hadi wenye kulinda urithi walipofika, ambapo mtu aliweza kupaka mlango wake bila kuulizwa. Miaka hiyo ndiyo iliyoachwa nje ya vitabu vya watalii. Nami ndiyo niliyoikuta mwishoni mwishoni.

Wengine wa miaka hiyo ambao hawamo ni wanaume wa zamu ya usiku. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya sufu vya Bradford vilitaka mashine zisilale. Kwanza walikuja Wapolandi, Waukraine na Waitaliano. Kisha Wapakistani, wengi wao kutoka wilaya ya Mirpur, ambako ujenzi wa bwawa la Mangla miaka ya 1960 ulizamisha vijiji na kuwaondoa watu wapatao 100,000. Rafiki yangu mkubwa shuleni alikuwa mtoto wa mmoja wao. Nyumbani kwao tulicheza kwa kunong'ona mchana kutwa kwa sababu baba yake amelala. Nilidhani ni mgonjwa. Kijiji cha baba huyo kiko chini ya maji, na kiwanda alichokitumikia kimekuwa nyumba ya picha. Sijui mtoto wake atampeleka wapi mjukuu kumwonyesha babu alikuwa nani.

Ndiyo maana nimeanza kuuliza maswali ya Bibi kule Muheza. Mkonge uliingizwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, hilo liko kwenye kila kitabu, pamoja na habari ya vichipukizi 62 vilivyosalimika safarini kati ya elfu moja. Majina ya mashamba yanajulikana, ya wenye mashamba yanajulikana, na mwaka 1967 serikali ilipotaifisha mengi yao, hilo nalo liliandikwa. Waliotoka Kigoma, Songea, Rwanda, Burundi na Msumbiji kuja kukata mkonge wameandikwa kwa namba.

Basi nakaa na wazee wawili watatu waliobaki, tunachora kambi kwenye karatasi za manila. Siwaulizi kuhusu historia. Ukitaja neno hilo wanakaa sawasawa kitini na kuanza kunihutubia. Nauliza nani alikaa mlango upi, ufunguo alikuwa nao nani, na ukiacha kazi ulipewa siku ngapi kutoka. Siku moja mzee mmoja, aliyekuja kutoka Kigoma akiwa kijana, alitaka nami nimjibu: huko Ulaya nilikokaa, kwenye hiyo kambi ya sufu, vyoo vilikuwa ndani au nje? Nikamwambia nje, uani, kila nyumba na chake. Akawageukia wenzake akitaka wakiri kwamba laini yao ilichangia choo kimoja watu wote. Mmoja akabisha, akasema hiyo ilikuwa laini ya pili, ya kwao ilikuwa na viwili. Wakagombana mpaka wajukuu wakaja kutazama.

Tumefika laini ya nne. Kuna milango miwili ambayo hawajakubaliana ilikuwa ya nani, na mmoja wao amesema atakwenda Korogwe kumuuliza shemeji yake.